Themostati ya Chumba cha Mama

Jumamosi, 24 Mei

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya kazi, lakini vipimo vya nyumbani navyo ni vipimo. Naanza leo.

Mama yangu, Mama Blandina, yuko nasi hapa Sydenham, Durban, tangu Machi. Ametoka Uvira, ambako joto halitafutwi, linakimbiwa. Ana miaka sabini na minne na ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimfumbisha macho, akamgusa nyayo kwa ncha ya sindano mara tano, kisha Mama akamwuliza ataanza lini. Nyayo zake zimekufa ganzi. Baridi anaisikia mahali pengine: anasema inatoka sakafuni, inapita miguuni bila kubisha hodi, halafu inamkamata kiunoni.

Watu husema Durban haina baridi. Watu hao hawajalala kwenye chumba chenye vigae mwezi wa Julai.

Mimi ni fundi wa vigae, mwaka wa kumi na nne sasa. Mteja wangu wa Kloof amebakiwa na mikeka miwili ya waya za joto, zile zinazolazwa chini ya vigae na kutiwa umeme, akaniambia nichukue. Mwenye nyumba amekubali. Mke wangu, Médiatrice, ameuliza kama kweli tunataka kupika sakafu. Nimemweleza kwamba sakafu haipikwi, inapashwa moto. Amesema asante kwa somo, akaenda zake kazini saluni.

Jumamosi, 31 Mei

Nimemaliza chumba cha Mama na sebule, siku tatu. Nimetoa vigae vya zamani, nimelaza mikeka ya waya, nimepaka gundi, nimepanga vigae vipya. Mistari imenyooka. Nimegonga kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo, hakuna kinacholia kama kina uwazi chini.

Mama aliweka kiti mlangoni akanitazama tangu asubuhi. Hajawahi kuniona nikifanya kazi. Nilipoondoka Uvira nilikuwa nauza sabuni.

"Ezéchiel, mutoto wangu, hii kazi ulisomea wapi?"

"Hapa hapa Durban, Mama."

"Iko safi sana. Baba yako angeona."

Nilifurahi kupita kiasi kwa mtu wa umri wangu. Nikaanza kumweleza kila hatua, na mikono ikawa inakwenda yenyewe.

Jumapili, 1 Juni

Gundi inakauka. Hakuna kukanyaga. Mama amelala chumbani kwa Tina, binti yetu, na Tina amelalamika kwamba bibi anakoroma.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda duka la umeme na Niyonkuru, Mrundi, fundi umeme mwenye cheti. Themostati ndiyo inayoamua sakafu iwake lini na izime lini. Ziko aina tatu.

Ya kwanza inapima hewa ya chumba tu. Ya pili inapima sakafu yenyewe, kwa sonde, yaani mkia wa waya unaozikwa chini ya vigae. Ya tatu inapima vyote viwili: hewa inaamuru, sakafu ina haki ya kukataa. Muuzaji, dada mmoja wa Chatsworth aliyejua kazi yake kuliko alivyolipwa, alisema kwa chumba cha mtu mzee nichukue ya tatu. Akauliza kama kipaipu cha sonde, kile cha kupitishia huo mkia, tayari kiko sakafuni.

Nilisimama na kisanduku mkononi. Kipaipu sikukiweka. Kwenye nyumba za watu nimekiweka labda mara thelathini, na sikumbuki hata mara moja niliyosahau. Kwangu nimesahau, kwenye vyumba vyote viwili. Nilikuwa naongea na Mama.

Niyonkuru alinitazama, akaelewa.

"Kaka, si shida. Utoe karo mbili tu kila chumba, tuchimbe kidogo, tupitishe."

"Vigae vyangu havitolewi," nikamwambia. "Mama ni mzee, anataka kitufe cha kuzungusha. Ya hewa inatosha."

"Inatosha kwa nani?"

Nimenunua mbili za hewa, zenye kitufe cha mviringo. Nyumbani nimemwambia Médiatrice kwamba hizi ndizo rahisi kwa wazee. Hiyo ni kweli. Yaliyobaki sikuyasema.

Alhamisi, 12 Juni

Niyonkuru amefunga zote mbili. Alipomaliza aliniita kando, karibu na friji.

"Kaka, bila sonde hii sakafu haina breki. Isiwekwe zulia zito juu yake, wala godoro. Joto likifunikwa halina pa kwenda."

"Mama analala kitandani."

"Sawa basi. Mi nimesema."

Saa mbili usiku nimepima kwa kipimajoto changu chenye umbo la bunduki: sakafu digrii 27, hewa 22. Mama ameketi na miguu juu ya vigae, macho amefumba. Amesema kiuno kimefunguka. Nimeandika 27 na kuipigia mstari.

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu. Wanawake wa kikundi cha maombi wamekuja kuona sakafu. Mmoja alivua viatu akaanza kuimba.

Ijumaa, 20 Juni

Mvua isiyo na adabu, si msimu wake. Hewa 22.

Jumatano, 2 Julai

Kuna vita vya kitufe. Mama anazungusha mpaka 28 asubuhi. Médiatrice akirudi kutoka saluni anarudisha 20. Mama akitoka maombini anarudisha 28. Hakuna anayemsemesha mwenzake juu ya jambo hilo. Wanapika pamoja sombe, yale majani ya muhogo, wanacheka, kisha kila mmoja anapita ukutani kwa wakati wake kama mtu anayekwenda chooni.

Jioni Médiatrice amenijia.

"Papa Tina, hii sakafu inanitisha. Nimeigusa saa kumi, ilikuwa moto."

"Moto kiasi gani?"

"Moto. Mimi sina bunduki yako."

Nimepima, ilikuwa 29. Nimemwonyesha. Amesema sawa, lakini kwa ile sauti ya mtu ambaye hajasema sawa. Médiatrice ni mtu wa kutafuta kasoro. Kigae kikiwa sawa, ataangalia ukuta.

Jumatano, 9 Julai

Simu imetoka Uvira saa nne asubuhi. Mjomba Anatole amefariki, kaka yake Mama wa tumbo moja. Nilikuwa Cato Manor nikikata vigae vya bafu. Nilimaliza ukuta niliokuwa nao, nikarudi.

Mama hawezi kwenda. Karatasi zake za ukimbizi bado ziko ofisini, akitoka hatarudi. Kwa hiyo kilio kimewekwa hapa. Kwetu, ndugu wa damu analala chini siku saba. Kitanda kimesimamishwa ukutani, Mama amelazwa kwenye godoro la sponji chumbani mwake, na mlango wa mbele umefunguliwa, maana nyumba yenye kilio mlango wake haufungwi. Watu wameingia hadi jioni: wa kanisa, wa saluni, Warundi wa mtaa wa pili. Wengine wamekaa chini naye.

Mimi nimepanga viti, nimepokea simu, nimenunua maji. Mjomba Anatole alinifundisha kuendesha baiskeli. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli. Machozi sikutoa, na sikujilazimisha.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kazini. Bafu halingojei.

Ijumaa, 11 Julai

Upepo wa kusini, nyumba iko wazi, baridi kila kona. Wageni wamejifunga vitenge mabegani. Mama amefunikwa lile blanketi zito la Médiatrice.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Médiatrice alikwenda kumpelekea Mama chai. Nilimsikia akiita jina langu, si Papa Tina, jina langu. Nilipofika alikuwa amepiga magoti na kikombe kimemwagika. Alikuwa amefunua blanketi upande wa miguu.

Godoro ni fupi. Visigino vya Mama vilikuwa vimetoka nje yake, vimelala juu ya vigae, na blanketi limevifunika. Kisigino cha kushoto kilikuwa na lengelenge kubwa kama yai, limepasuka, na ngozi ya chini yake nyeupe. Cha kulia kilikuwa chekundu tu. Mama alikuwa macho.

"Kuna nini? Mbona munaniangalia miguu?"

"Mama, husikii maumivu?"

"Siko nasikia kitu. Kuna nini, Mama Tina?"

Nilikwenda kuleta kipimajoto. Hili nalisema wazi: mke wangu ameshika mguu wa mama yangu, na mimi nilikwenda kuleta kipimajoto. Katikati ya chumba, 31. Chini ya blanketi, pale kisigino kilipokuwa, 48.

Si vigumu kueleza. Mlango uko wazi siku tatu, hewa ni baridi, themostati inapima hewa. Inasoma 17 na kitufe kiko 28, kwa hiyo inawasha, na inaendelea kuwasha, usiku na mchana. Sakafu iliyo wazi inapoteza joto. Sakafu iliyofunikwa haina pa kulipeleka. Themostati ya tatu ingekataa. Hii haina habari.

Nilizima swichi. Tulimbeba hadi garini.

Kliniki, sista, muuguzi wa Kizulu aliyempokea, alikiangalia kile kisigino muda mrefu. "Gogo," yaani bibi, akamwambia Mama, "umefanya nini?" Tina ndiye aliyetafsiri.

"Nililala chini," Mama akasema. "Ni kosa yangu. Nililala chini."

Sista akanigeukia akauliza hicho kifaa kimefungwaje. Nilisema kimeharibika. Nilisema hivi: "Mashine imeharibika." Médiatrice alikuwa amesimama nyuma yangu. Sista akaandika, kisha akatuandikia barua ya kwenda hospitali.

Jumapili, 13 Julai

Mama amerudi. Kisigino kimefungwa bandeji hadi juu ya kifundo. Tulipomsaidia kuingia chumbani alisimama mlangoni akaliangalia godoro.

"Ondoa hii kintu," akasema. "Rudisha kitanda."

"Siku bado, Mama," Médiatrice akamwambia. "Tunaweza kukuweka sebuleni, sakafu imezimwa."

"Anatole amekataa kilio yangu. Sikwenda kumuzika, nikakaa huku kwa Wazungu nikijipasha moto, sasa ameniunguza. Funga mlango. Kilio kimeisha."

Nilikuwa nimeshika upande mmoja wa kitanda. Ilikuwa nafasi ya kusema. Niliteremsha kitanda, nikakaza miguu yake, nikafunga mlango wa mbele. Wageni waliokuja jioni walikuta umefungwa, wakabaki wakiulizana barabarani.

Jumatatu, 14 Julai

Kazini.

Jumamosi, 19 Julai

Médiatrice anabadilisha bandeji kila asubuhi kabla ya saluni. Anaosha mikono mpaka kwenye viwiko, anapiga magoti, anafungua polepole. Anaongea na Mama muda wote juu ya wateja wake, nani amesuka nini na nani amekataa kuongeza pesa kwa nywele nzito, na Mama anacheka kidogo. Mimi nasimama mlangoni. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na moja nikidhani anatafuta kasoro. Alikuwa anaangalia.

Mama haongei juu ya kaka yake. Picha yake aliyokuwa ameiweka juu ya kabati ameilaza kifudifudi.

Alhamisi, 24 Julai

Hospitali. Ukingo wa kidonda umekuwa mweusi. Daktari amesema kwa mtu wa sukari kisigino kinaweza kugoma kupona, na kikigoma wanakata. Alionyesha wapi, kwa kalamu, hewani, bila kugusa: si kisigino, ni chini ya goti. Amesema tusubiri wiki tatu.

Mama aliuliza daktari amesema nini. Tina akanitazama. Nikamwambia Mama kwamba tusubiri wiki tatu.

Njiani nilisimamisha gari nikanunua mkate, ukanishinda. Nilidhani ni njaa. Haikuwa njaa, niliogopa.

Ijumaa, 25 Julai

Sikwenda kazini.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimetoa vigae.

Nilianza saa mbili asubuhi, chumbani mwa Mama, wakati yuko sebuleni. Karibu na ukuta, vigae viwili, kwa nyundo na tindo. Kazi yangu ni ngumu kutoa, niliifunga vizuri mno. Cha kwanza kilitoka vipande saba. Niyonkuru alikuja saa nne, akachimba mfereji mwembamba katikati ya waya mbili, akalaza kipaipu, akapitisha sonde. Hakusema nilikuambia. Alisema tu, "Lete maji, kaka, vumbi."

Themostati mpya ni ile ya tatu. Tumeiambia sakafu isipite 27, hata hewa iamuru nini. Yule dada wa dukani alinikumbuka. Hakuniuliza chochote, akaenda moja kwa moja kwenye rafu.

Médiatrice alirudi tukiwa tunafagia. Aliangalia shimo, akaangalia kipaipu, akaangalia vile vipande saba.

"Kwa hiyo hicho kipaipu hakikuwepo."

"Hakikuwepo."

"Mashine haikuharibika."

"Haikuharibika. Ilifanya kazi yake vizuri."

Niyonkuru alikwenda nje kutafuta kitu ambacho hakipo. Médiatrice aliketi pembeni ya kitanda.

"Eish, Ezéchiel. Mguu unaweza kukosewa, mimi pia ningekosea. Lakini yule mama analala kila siku akijua kaka yake amemlaani. Wiki tatu. Na weye unapita hapo na bunduki yako unapima."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nilisema mguu ukipona. Aliinuka akaenda kupika. Najua alichoelewa: mguu usipopona, sitasema.

Jumatano, 6 Agosti

Sakafu 26. Hewa 21. Mama hataki iwashwe akiwa chumbani. Nawasha akiwa sebuleni, nazima kabla hajaingia, na yeye anajua.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake. Nimepika mimi. Wali umeshika chini.

Alhamisi, 14 Agosti

Hospitali. Ukingo mweusi umekatwa, chini yake nyama ni nyekundu na inatoa damu, na daktari ameifurahia damu hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akifurahia damu. Mguu unabaki. Kovu litakuwa baya, atahitaji kiatu maalumu, lakini unabaki.

Médiatrice alilia kwenye korido mbele ya watu. Mama alimshika kichwa. Nilikwenda kulipia maegesho.

Nilikuwa nimesema mguu ukipona.

Jumapili, 17 Agosti

Leo baada ya ibada nimemwambia.

Alikuwa kwenye kiti chake chumbani, mguu juu ya mto. Nilikaa chini kwenye vigae, karibu na vile viwili vipya ambavyo rangi yake haikulingana kabisa na vingine.

"Mama, si Mjomba aliyekuunguza."

Nilimwambia yote kwa mpangilio. Kipaipu nilichosahau. Dukani, na kwa nini nilinunua ile isiyofaa. Maneno ya Niyonkuru karibu na friji, ya tarehe 12 Juni, kwamba godoro lisiwekwe chini. Na mimi siku ya kilio nilibeba godoro lile kwa mikono yangu na kuliweka, sikukumbuka, nilikuwa nawaza bafu la Cato Manor. Kwamba kliniki nilidanganya. Kwamba siku alipofunga kilio nilikuwa nimeshika kitanda na ningeweza kusema.

Haikuchukua hata dakika tano. Nilidhani ingekuwa ndefu zaidi.

Mama akauliza, "Ni juu ya karo mbili?"

"Ni juu ya karo mbili, Mama."

"Ulisikia haya ya kuvunja mbele yangu."

"Ndiyo."

Alinipiga kofi begani, la nguvu. Halafu akanipiga la pili. La tatu mkono ulibaki hapohapo begani, haukuondoka.

"Kwa hiyo Anatole hakukataa."

"Hakukataa, Mama. Hakuna kitu alichokataa."

Hapo akaanza kulia. Si kile kilio cha Julai mbele ya watu, chenye nyimbo. Alimwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, akamwomba msamaha kwa kumdhania ubaya mwezi mzima. Médiatrice alikuja mlangoni, akatuona, akarudi kimya. Mama alipotulia, alijifuta uso kwa kitenge.

"Nililala siku tatu. Zimebaki ine. Leta godoro."

"Mama, mguu."

"Mama Tina atanifunga vizuri. Leta godoro."

Nilizima themostati, nikazima na swichi kuu ya sakafu. Nilichukua kipimajoto, kikasoma 24, nikamwambia tungoje ishuke.

"Wacha kupima, Ezéchiel." Hakuwa amekasirika. "Leta godoro, na leta la kwako. Alikuwa mujomba wako. Weye hukumulilia hata siku moja."

Nilitaka kutaja kazi ya kesho. Nilikwenda kuleta magodoro mawili. Nilipolaza la kwangu kando ya la kwake nilikaa chini na shuka mkononi, sijamaliza kutandika. Mama hakunitazama. Alisogea tu, akanipa nafasi.

Médiatrice ameufungua mlango wa mbele. Nimempigia mteja wa kesho nikamwambia sitafika mpaka Alhamisi, nimefiwa na mjomba. Alinipa pole, akauliza amefariki lini.

Nikamwambia leo.